Kiu ya Kiroboto

Mjomba aliisoma fomu ya dada yangu mpaka mstari wa mwisho, akaikunja mara mbili, akamrudishia bila kuitia saini.

"Gari linalokata pumzi katikati ya kilima, na wewe umo ndani yake, mimi siliwekei mkono wangu," alisema. "Uwe mpwa wangu, uwe mtoto wa mfalme."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, gerejini kwake, na fomu za mashindano ya kupanda kilima zilikuwa zinafungwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa sita mchana. Mjomba, kaka yake mama yetu, ndiye fundi mkaguzi wa mashindano hayo. Bila saini yake gari haligusi mstari wa kuanzia. Dada, ambaye siku za kazi huendesha gari la kusambaza mikate, alikuwa ameisubiri siku hiyo mwaka mzima. Aliipokea fomu, akaitia mfukoni, akanigeukia mimi.  Kosa lilikuwa langu na sote watatu tulilijua.

Kiroboto ndilo jina la gari lake. Ni gari dogo jeupe la milango mitano, fupi kama kiatu, na ukilikanyaga mafuta linaruka. Jina hilo lilijileta lenyewe. Lina tabo, lile feni linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia hewa zaidi. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemfungia Kiroboto tabo kubwa kuliko aliyozaliwa nayo, uwani kwetu, kwa mikono yangu, nikajipiga kifua mtaa mzima. Hewa ikaongezeka. Mafuta yakabaki yaleyale. Kwenye barabara tambarare alikuwa anapaa, lakini kilimani, pale injini ilipotaka kula kwelikweli, alikuwa anakohoa, anagonga ndani kama kijiko kwenye kikombe cha bati, kisha kompyuta yake inamkatia moto asijiue.

"Umempa mapafu ya farasi na tumbo la paka," Mjomba aliniambia. Kisha akatuonyesha injini ya kawaida, isiyo na tabo, iliyokuwa kwenye mbao pembeni mwa gereji, imefunikwa gunia. Alisema angeifunga siku mbili tu, na saini angetia palepale. Dada aliitazama ile injini kama mtu anayeonyeshwa mchumba asiyemtaka.

Damu ilinichemka. Nilisema Kiroboto hana ugonjwa, ana kiu, na kiu dawa yake ni kunywesha. Nilisema nipewe mpaka siku ya kufunga fomu. Nitabadilisha mfumo mzima wa mafuta nyumbani, kuanzia tangini mpaka mdomoni mwa silinda, na akikohoa tena kwenye kile kilima nitaifungua tabo mwenyewe, niilete gerejini kwenye sinia, na hiyo injini ya gunia niifunge mimi kwa mikono yangu.

"Haya, Msemaji," Mjomba alisema. "Lakini kumbuka gari haliwaki kwa mate."

Msemaji ni jina alilonipa yeye. Niliwahi kufanya kazi kwake miaka miwili, nikaondoka kwa sababu nilimwambia mbele ya wateja kwamba amekosea kupanga mkanda wa injini fulani. Kibaya zaidi, nilikuwa sahihi.

Vifaa vilikuwa tayari ndani ya boksi chini ya kitanda changu. Kiu hiyo nilikuwa nimeiona ikija, ila kiburi kilinituma niongeze hewa kwanza. Kulikuwa na nozeli nne kubwa, zile zinazonyunyiza petroli ndani ya injini, pampu mpya ya kukaa ndani ya tangi, filta, kidhibiti cha presha, rilei ya kuiwashia pampu umeme, fyuzi na waya mnene. Na kulikuwa na mpira wa mafuta, mita moja, mweusi, mpya, nilioupima dukani kwa urefu wa mkono wangu. Ubavuni uliandikwa kwa herufi nyeupe kwamba ni wa petroli.

Uwani kwetu hakuna shimo la kuingia chini ya gari wala jeki ya mafuta. Kuna bati juu, sakafu ya saruji chini, na mlango wa chumba cha kushonea cha Mama upande mmoja. Wiki hiyo Mama alikuwa na sketi sitini za shule za kumaliza, na pasi yake ni ya mkaa. Nilimwambia kwa heshima kwamba siku ya kufungua tangi hakutakuwa na moto wa aina yoyote hapo nyumbani. Aliniuliza kama sketi zitajinyoosha zenyewe. Kisha akabeba pasi, meza na furushi zima, akaenda kupigia pasi kibarazani kwa jirani, na kila baada ya nusu saa alikuja kuchungulia kama nyumba ingali imesimama.

Kazi hiyo ina adabu yake. Kwanza nilichomoa fyuzi ya pampu nikawasha injini, ikanguruma mpaka ikafa kwa njaa. Hapo mabomba hayana tena presha ya kukurushia petroli usoni. Nikafungua betri. Nikang'oa kiti cha nyuma, maana mfuniko wa tangi la Kiroboto uko chini yake, nikapangusa vumbi pote, nikaifungua pete kubwa taratibu. Harufu ikapanda. Nikaitoa pampu ya zamani, kidude kidogo kama tochi ya mfukoni, nikaiweka juu ya gazeti kama mzee anayestaafu.

Pampu mpya ilikuwa nene zaidi na shingo yake fupi, kwa hiyo bomba lake la kiwandani halikufika. Hapo ndipo nilipochukua ule mpira wangu, nikakata kipande cha upana wa kiganja, nikakivalisha upande huu na upande ule, nikakaza klipu mbili. Nikavuta. Haukusogea. Nikarudisha kila kitu ndani ya tangi nikipiga mluzi.

Siku iliyofuata nikazitoa nozeli za zamani na kuweka mpya. Kila moja nilipaka tone la oili safi kwenye pete yake ya mpira ili isichubuke, nikaibonyeza mpaka ikakaa na kuniambia "tik". Tik nne. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na rilei mpaka kwenye pampu, kwa sababu waya wa kiwandani ni mwembamba na pampu kubwa ingelala njaa ya umeme. Mwisho nikaunganisha laptopu yangu, ile yenye ufa kama radi kwenye kioo, nikaieleza kompyuta ya gari kwamba vinywa vya nozeli sasa ni vikubwa. Usipoiambia, inafungua muda uleule wa zamani, na injini iliyokuwa inakufa kwa kiu inazama.

Ijumaa asubuhi aliwaka mara ya kwanza. Nilizunguka na kitambaa cheupe nikigusa kila kiungo. Hakuna hata tone. Geji ya presha ya mafuta nilikuwa nimeifunga kwa utepe nje ya kioo cha mbele, mahali tunapoiona tukiwa ndani na petroli haiwezi kuingia kwetu. Hesabu yake haina ugumu. Akiwa hana haraka, presha iwe tatu kwa kipimo cha baa. Tabo ikisukuma hewa ya baa moja, mafuta nayo yapande yawe baa nne, ili yaweze kuishinda hiyo hewa na kuingia. Dada alimkanyaga kwenye barabara ya kiwandani. Mshale ukapanda mpaka nne, ukakaa pale umetulia. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Nilimwandikia Mjomba ujumbe. Nilimwomba aje Jumapili saa tatu, na asisahau kalamu.

Alikuja nayo, imechomekwa kwenye mfuko wa shati. Mjomba si mtu mdogo. Alipoketi mbele, Kiroboto aliinama upande kama mashua iliyopandwa vibaya. Dada alishika usukani, mimi nikakaa nyuma na laptopu mapajani. Kilima kiko nje kidogo ya mji, kilomita mbili za kona na mnara wa simu juu kabisa. Barabara ilikuwa tupu. Tulipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mshale uko kwenye nne, na mimi tayari nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia Mjomba kileleni, maneno mazuri, yenye vina.

Kwenye kona ya sita mshale ulishuka. Tatu na nusu. Tatu. Mbili. Kwenye skrini mchanganyiko ulianza kukauka, hewa nyingi, mafuta haba. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kijiko ndani ya kikombe cha bati.

"Toa mguu, Dada. Toa."

Aliutoa. Tukasimama pembeni, injini ikipumua kwa shida. Mjomba aliichomoa kalamu mfukoni, akaitazama pande zote mbili, akairudisha.

"Wino wangu umesalimika," alisema. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliongeza kwa upole kwamba ile injini bado iko kwenye mbao, na kwamba hataki kuja kumwambia dada yake, mama yetu, siku moja kitu ambacho hakisemeki.

Dada hakunilaumu. Alirudi nyumbani kwa mwendo wa gari la mikate, akaegesha uwani, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari. Kabla ya kuingia ndani aliniuliza kitu kimoja tu, kama Jumamosi ningali naiona au yeye aanze kuizoea injini ya Mjomba. Nilimwambia naiona. Nilikuwa sioni kitu.

Siku ile na kutwa nzima ya Jumatatu niligombana na kila kifaa. Nilibadilisha filta. Nilipima umeme wa pampu, ukawa sawasawa. Nilikifungua kidhibiti cha presha, nikakikuta kisafi. Nilimpigia simu muuza vipuri nikamwambia pampu yake ni bandia na yeye mwenyewe ni bandia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimpelekee aijaribu mbele yangu, akakata. Mama alikuwa akinisikia kutoka kwenye cherehani. Aliacha kushona, akaja mlangoni na futi yake shingoni.

"Kitu gani humo ndani ni kipya na hukukilowesha?" aliuliza.

"Mama, hii siyo nguo."

"Sikuuliza kama ni nguo."

Nilimweleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, kwamba vyote ni vya petroli, vimetengenezwa kwa petroli, hata mpira umeandikwa hivyo. Alisema vitambaa vyake navyo huandikwa. Hata hivyo, kila kitambaa kigeni kinachoingia chumbani mwake hukata kipande, akakipima, akakitia kwenye maji kutwa nzima, akakianika, akakipima tena, na hapo ndipo anapojua kama atashona sketi ya mtoto au ya mwanasesere. Kisha akauliza ule mpira umeandikwa petroli ipite ndani yake, au nao ukae ndani ya petroli.

  Nilikwenda nikachomoa fyuzi, nikafungua betri, nikang'oa kiti.

Mpira ulitoka umevimba, laini, umelegea kama tambi iliyosahauliwa kwenye maji. Ule upande wa shingo ya pampu klipu ilikuwa imezama nusu, na mpira wenyewe umeteleza, umebaki umeng'ang'ania ncha tu. Kwenye barabara ya kiwandani ulikuwa na siku mbili tangini, ukashika. Kufika Jumapili ulikuwa umekwisha kulewa. Pampu ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote, na nusu ya mafuta ilikuwa inarudi tangini palepale ilipotoka. Maandishi meupe hayakudanganya. Ulikuwa mpira wa kupitisha petroli, haukuwa wa kuogelea humo, na mimi, bingwa wa mtaa mzima, nilisoma neno moja nikaacha kuuliza la pili.

Nilimpelekea Mama kile kipande mkononi. Alikiminya kwa vidole viwili.

"Huyu asingefika hata kwenye pindo," alisema, akarudi kwenye sketi zake.

Nilimpigia tena muuza vipuri. Ile ya kuomba radhi ilikuwa simu ndefu kuliko ya kutukana. Alipomaliza kufurahi alisema hana mpira wa kukaa ndani ya petroli, na mtu anayemjua kuwa nao hayuko karibu. Basi Jumanne nilizunguka maduka na uwanja wa magari yaliyokufa nikakusanya vipande vitano. Vitatu vilikuwa vipya, kila kimoja na sifa zake ubavuni. Kimoja kilikuwa cha kijani, ambacho muuzaji alikiapia. Cha tano kilikuwa kifupi, kimekwaruzika, nilichokikata kwenye pampu ya gari lililolala uwanjani pale miaka, tangi lake bado lina petroli chini.

Mama alitoa chupa tano za vioo zenye vifuniko. Tulizipanga nyuma ya nyumba, kivulini, mbali na jiko na mbali na pasi, kila kipande ndani ya petroli yake. Kupima alikataa nisipime mimi. Alisema mimi napenda mno kushinda, na mtu wa namna hiyo futi humwona anakuja. Alipima urefu na unene wa kila kimoja, akaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, kati ya mwalimu mmoja mnene na watoto pacha.

Mjomba alipita Jumatano. Alisema amekuja kumwona dada yake, lakini miguu yake ilimpeleka nyuma ya nyumba. Alizitazama zile chupa.

"Sasa unauza juisi, Msemaji?"

Ningeweza kumjibu vibaya. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Nililimeza, nikamwonyesha mpira uliovimba, nikamweleza kosa langu kuanzia mwanzo, bila kulipaka rangi. Lilikuwa neno chungu kuliko petroli yenyewe. Alisikiliza mikono nyuma. Kisha akainama, akaiinua chupa moja kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu kuliko mtu aliyekuja kumwona dada yake. Alipoaga aliniuliza, kana kwamba halimhusu, ni kipi kinaongoza.

Ijumaa alasiri Mama alizifungua. Cha kwanza kilikuwa kimeongezeka unene milimita mbili. Cha pili tatu. Cha tatu kilikuwa kimeanza kutoa weusi kama chai. Cha kijani, kile cha kiapo, kilipasuka mikononi mwake. Cha tano, kile kikongwe, alikipima mara moja, akakipima tena, akakipima upande wa pili, akaisukuma miwani juu ya pua.

"Yuleyule," alisema.

Urefu wake ulikuwa sentimita kumi na mbili. Nilihitaji tisa. Maana yake ni kwamba nilikuwa na mkato mmoja. Nikikata mshazari, hakuna cha kurudia. Nilinyoosha mkono kuuchukua mkasi mezani, na Mama akanipiga vidole kwa futi. Mkasi wa nguo haukati mpira hata kama nyumba inaungua. Alinipa wembe mpya, akachora mstari kwa chaki yake kuzunguka kipande chote, akakishika kwa mikono miwili. Nilikata. Ncha ilitoka sawa kama pindo la sketi. Nikavalisha, nikakaza klipu, nikavuta kwa nguvu zote. Mama naye akavuta, kwa sababu haniamini. Haukusogea.

Jumamosi saa tatu na nusu Mjomba alikuwa mlangoni. Hakuwa na utani. Aliifunga mwenyewe geji kwenye kioo, akakagua kila kiungo kwa tochi, akalala chini ya gari na shati lake la ukaguzi. Alisema safari hii hataki kupanda mara moja. Atapanda mara tatu mfululizo, bila kupumzika, injini ikiwa ya moto, kwa sababu gari la dada yangu lilishawahi kumfurahisha mtu siku moja likamwaibisha siku ya pili.

Dada alipanda mara ya kwanza, mimi nyuma, Mjomba mbele. Sikutazama barabara. Nilitazama mshale. Kona ya sita ilikuja na kwapa zangu zimelowa. Nne. Kona ya saba, nne. Kona ya tisa, pale barabara inapoinuka kama ngazi, Dada alikanyaga mpaka mwisho wa mguu, na Kiroboto akaitika. Alipoongezewa, akaongeza; alipodaiwa, akalipa. Skrini yangu ilisema sehemu kumi na moja na nusu za hewa kwa moja ya mafuta, mchanganyiko mnono, injini imeshiba, na hakuna kijiko wala kikombe popote. Tuliupita mnara kwa kishindo.  Mjomba alionyesha kwa kidole tugeuze.

Mara ya pili aliomba usukani. Niliwahi kumwona akiendesha magari mengi, yote kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Safari ile aliyasahau mayai. Kwenye kona ya nane matairi yalilia na Dada, aliyehamia pembeni, akashika mlango kwa mikono miwili akicheka. Mshale ulikuwa umegandamana na nne kana kwamba umechorwa pale.

Tulipofika chini aliniambia nimpigie simu Mama ajiandae, tunampitia. Nilimuuliza wa nini.

"Nataka uzito," alisema.

Mama alitoka na futi yake shingoni, akaambiwa sababu, akamtazama kaka yake kutoka juu mpaka chini. Alimuuliza kati yao wawili nani anayestahili kuitwa uzito, na kama tangu utotoni amewahi kupanda mizani mara moja na ikabaki nzima. Kisha akaingia nyuma pamoja nami, akakunja sketi yake vizuri, akashika kiti cha mbele.

Watu wazima wanne, injini ya moto, saa tano na robo, jua limesimama. Dada alirudi kwenye usukani. Kama Kiroboto alikuwa na sababu ya kukohoa, ilikuwa siku hiyo. Tulianza taratibu, tukashika gia ya pili, ya tatu, tabo ikaanza kuvuta pumzi yake ndefu, na kilima kikaanza kushuka chini yetu.  Nne kwenye kona ya sita. Nne kwenye ngazi ya kona ya tisa, na miili yote minne imebandikwa kwenye viti. Mama alinishika goti, akaniuliza sikioni kama huo mshale ndio ule wa kipande chetu. Nilimwambia ndio. Basi aliinama mbele, kati ya Mjomba na Dada, akautazama mpaka kileleni bila kupepesa macho, kama anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea.

Tulipoupita mnara Dada alipiga honi mfululizo, na mimi nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Mjomba alishuka, akazunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka kwa joto. Alitoa simu. Alimwambia msimamizi wake gerejini kwamba ile injini ya gunia aiondoe kwenye mbao, ampe anayeitaka, inawazibia watu njia.

Fomu aliitia saini mezani kwa waandikishaji, chini ya kilima, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Alisaini polepole, kwa mwandiko wa mtu anayejua thamani ya mwandiko wake. Mwandikishaji alinyoosha mkono kuichukua. Mjomba akaizuia kwa kidole. Chini ya saini yake kulikuwa na mstari mwingine mtupu, wenye maneno madogo mwanzoni: fundi aliyelitengeneza gari.

Alinigeukia, akanipa kalamu yake.

"Andika jina lako, Fundi," alisema. "Na liandike lisomeke. Msimu huu wengi wataliuliza."

Nililiandika kwa herufi kubwa, jina langu, la baba na la babu, bila kufupisha hata moja. Mstari uliisha, nami sikuwa nimekwisha, nikapanda ukingoni mwa karatasi. Dada aliisogeza fomu upande mmoja ili nipate nafasi.